Sekunde Sita za Fundi Mfaume

Mimi ndiye niliyewafuturisha watu wa mtaa wetu hapa Zinga kabla jua halijazama. Ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani iliyopita. Mtaa mzima ulitia tende mdomoni dakika tatu kabla ya magharibi, na mkosaji hakuwa mwadhini, wala saa, wala marehemu yeyote. Nilikuwa mimi, Athumani, fundi mstaafu, mtu wa kidato cha nne na miwani miwili, niliyejifungia chumbani na kompyuta nikatoka nikiamini nimekuwa mjanja kuliko mwalimu wangu.

Vijana wangu wa chuo, mwalimu wenu alikuja barazani kwangu kuniomba niwaandikie habari za kazi yangu ya kufumua mashine za zamani. Alitaka mambo ya busara. Nikamwambia busara sina, nina makosa tu, ila nimeyatunza vizuri. Akasema hayo hayo yanatosha. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba anichapie nakala moja ya ziada, yenye herufi kubwa, nikaibandike mahali watu wa mtaa wetu wanapovulia viatu.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu anakuletea mashine ya miaka mingi, aliyeitengeneza hayupo, michoro haipo. Ndani mna kichakataji cha kizamani na chipu ya kumbukumbu iliyochomwa maagizo, yaani yameandikwa ndani yake kwa umeme. Unayasoma yale maagizo namba baada ya namba, unayafumua kama mtu anayefumua sweta, mpaka ujue aliyeandika alitaka nini. Kisha unatengeneza kiigizi, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ile mashine ya jana, ili uitazame ikifanya kazi mezani bila kuhatarisha bodi yenyewe. Ni kazi ya kukaa nyumbani, ndiyo maana niliipenda. Mke wangu husema nikitumwa sokoni Bagamoyo mjini naaga kama ninayekwenda kuhiji.

Na ni kazi ya mtu mwenye kushuku. Ukiwa mwepesi wa kuamini, nenda kauze maji ya madafu, utafanikiwa zaidi.

Shuku maandishi yaliyo mgongoni mwa chipu. Niliwahi kuagiza chipu kumi Dar es Salaam, zikaja zinang'aa kama viatu vya Idi. Chipu yenye umri wa baba zenu haiwezi kung'aa. Nikachukua dawa ya mke wangu ya kufutia rangi ya kucha, nikachovya pamba, nikasugua. Maandishi yakatoka yote, na chini yake yakajitokeza mengine. Zilikuwa chipu za kitu kingine kabisa, zimekwanguliwa na kubatizwa jina jipya. Jioni mke wangu naye akaanza kushuku, akitaka kujua kwa nini mume wake ananukia saluni.

Shuku jibu la kwanza. Chipu isome mara tatu, uyaweke majibu matatu pamoja, uone kama yanafanana. Pwani yetu hii chumvi iko hewani, inakula miguu ya chipu polepole, na mguu wenye kutu husema jambo moja asubuhi na jingine mchana. Usikwangue kutu kwa kisu. Tumia kifutio cha penseli cha mtoto wa shule, taratibu, ukielekea upande mmoja.

Shuku jua. Chipu za zamani zina dirisha dogo la kioo mgongoni, na mwanga wa jua ukipita pale kwa siku nyingi hufuta kila kilichomo. Ndiyo maana hubandikwa karatasi juu yake. Mimi nililijua hilo kwa kusoma, lakini sikuwa nimelijua kwa kuumia. Ukaja mzani wa nafaka kutoka Msata, wa ghala moja pale njia panda. Nikaitoa chipu yake, nikabandua karatasi niione vizuri ndani, na kwa kuwa ilikuwa inapendeza nikaiweka dirishani kwangu kama pambo. Ikakaa hapo zaidi ya wiki mbili. Nilipoirudisha, mzani ulikuwa haujui kilo ni nini. Gunia la mahindi na paka wa ghalani vilikuwa na uzito mmoja.

Aliyeniokoa ni Fundi Mfaume. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, mjini Bagamoyo, kwenye chumba cha uani kilichojaa redio zilizofumuliwa matumbo. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukutazama mikono unapoongea. Alinyanyua ile chipu ya Msata, akaiangalia, akaingia ndani akarudi na nyingine inayofanana.

"Hii nini, Fundi?" nikamwuliza.

"Nakala."

"Uliichukua lini?"

"Siku ulipoileta hapa kunionyesha. Nilikuona ulivyokuwa unaipenda."

Tangu siku hiyo sijawahi kugusa chipu kabla sijahifadhi nakala yake sehemu mbili. Shikeni hilo, hata mengine mkiyasahau. Alikuwa pia na neno lake, alilirudia mpaka nikalichoka: "Athumani, kabla hujasema mashine inakosea, ushuku kwanza mkono wako." Mimi nilikuwa tayari kushuku kila kitu duniani isipokuwa hicho.

Sasa saa. Fundi Mfaume aliitengeneza saa ya msikiti wetu kwa mikono yake, zamani, wakati vitu hivyo haviuzwi dukani. Ni ubao wa mninga wenye tarakimu za taa nyekundu, unaonyesha wakati na chini yake nyakati za sala tano, kila siku na zake, zote zimo kwenye chipu. Mwadhini wetu, Maalim Jongo, hakuadhini ila kwa saa ile. Simu hazitaki. Husema ukikusanya watu watano wenye simu utapata magharibi tano.

Fundi Mfaume alinifundisha mizani, pampu, hata mashine za kuhesabia kura za chama cha ushirika, lakini ile saa hakuniruhusu kuigusa. Kila Ijumaa alikuja mwenyewe na redio kwapani, akasimama mbele yake mpaka ilie ile milio ya kabla ya taarifa ya habari, akatikisa kichwa, akaondoka. Mimi niliyaona hayo kwa miaka, na moyoni nilikuwa na kijiwivu. Nilikuwa nikijiuliza anaficha nini mle ndani. Basi alipofariki, Mungu amrehemu, kijiwivu hakikufa naye.

Mwaka jana betri ya saa ikatokwa maji, yakala bodi, tarakimu zikazima. Kamati ya msikiti ikagawanyika, wengine wakitaka ya kisasa, Maalim Jongo akitaka ile ile. Ikaletwa kwangu. Kusema kweli nilifurahi kuliko mtu anavyopaswa kufurahi kwa msiba wa msikiti. Hatimaye nilikuwa nimeishika.

Nikaishusha kwenye ubao wake. Nyuma ya ubao kulikuwa na namba za penseli zilizofifia, 6, 12, 18, 24, na nyingine zisizosomeka vizuri. Vipimo vya seremala, nikajiambia. Nikapiga msasa mpaka mbao ikawa laini kama shavu, nikapaka vanishi. Nilijisifu kwa kazi ile.

Nikasafisha bodi, nikasoma chipu mara tatu, nikahifadhi nakala sehemu mbili, mambo yote kama nilivyofundishwa. Nikatengeneza kiigizi, nikayatia maagizo yale ndani, nikaiacha saa iende kwenye kompyuta. Siku ya kumi nikailinganisha na wakati. Ilikuwa nyuma dakika moja kamili.

Hapo damu ikanichemka, na ilikuwa ya furaha. Nikarudi kwenye maagizo, nikayapekua mstari kwa mstari, nikaikuta. Palikuwa na sehemu ndogo, imejificha mwishoni kabisa, isiyoitwa na kitu chochote ila mara moja kwa siku. Ikiitwa, saa husimama, huhesabu sekunde sita bila kufanya lolote, kisha huendelea kama hakikutokea kitu. Haionyeshi tarakimu, haiwashi taa, haina kazi yoyote. Inapoteza wakati tu. Sekunde sita kwa siku ni dakika tatu kwa mwezi. Nikakumbuka zile Ijumaa, nikakumbuka redio kwapani. Nikaona nimempata. Fundi Mfaume aliitia saa ugonjwa makusudi ili isikae bila yeye, ili kila Ijumaa watu wamwone anakuja kuiponya.

Mnaona namna ya kushuku kwangu. Nilikuwa na ushahidi wa jambo moja, nikajenga nyumba ya ghorofa juu yake.

Niliiondoa ile sehemu, nikachoma chipu mpya, nikaenda kuikabidhi saa mwanzoni mwa Shaabani, baada ya sala ya alasiri. Kamati walikuwa wamekaa, Maalim Jongo pembeni. Ningeweza kusema saa imepona nikaenda zangu nyumbani, mahali ninapopapenda. Lakini mtu aliyekaa ndani siku nyingi akipata wasikilizaji ni hatari.

"Saa ilikuwa na ugonjwa wa pili, mwenyekiti," nikasema. "Mbali na betri."

"Ugonjwa gani?"

"Wa kuchelewa. Na haukuja wenyewe. Umetiwa."

"Na nani?"

"Aliyeitengeneza."

Maalim Jongo akaniangalia. "Mfaume? Mfaume alikuwa hapa kila Ijumaa na redio yake."

"Ndiyo maana alikuwa hapa kila Ijumaa, Maalim. Huyu ni fundi anayeacha kidonda wazi ili apate sababu ya kuja kukifunga."

Maneno yale niliyapenda yaliponitoka. Mwenyekiti akaguna. Maalim Jongo yeye hakuguna. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye kipaza sauti alichoadhinia alasiri. Akainuka taratibu kama mtu mwenye goti bovu, akaenda, akakizima.

Nilisikika mpaka barabara kuu. Na hatua hamsini kutoka msikitini, ukuta kwa ukuta na nyumba yangu, ndipo anapoishi Bi Nuru, mjane wa Fundi Mfaume. Alihamia huku baada ya kufiwa, na mimi ndiye niliyemtafutia nyumba. Niliporudi alikuwa uani anamenya muhogo.

"Shikamoo, Bi Nuru."

Alimaliza muhogo ule, akachukua mwingine.

Shaabani nzima hakuniitikia. Shaabani nzima pia hakuna aliyeishuku saa, maana dakika moja au mbili kwenye adhana ya adhuhuri hazimwumizi mtu. Ikaja Ramadhani. Siku ya kwanza watu wamekaa kwenye mikeka, uji umeshamiminwa, Maalim Jongo akaadhini kwa saa. Nikatia tende mdomoni. Nilikuwa natafuta kokwa kwa ulimi nilipogundua kwamba msikiti wa pili, ule wa upande wa barabarani, uko kimya. Kwa kawaida adhana zao na zetu hupandana. Nikatafuna polepole. Nikameza. Mke wangu akashusha bakuli la uji.

"Hao wenzetu mbona hawajaadhini?" akauliza.

"Wamechelewa," nikasema, na nilikuwa nimeshajua.

Ilipoadhiniwa kule, dakika tatu baadaye, nilitema kokwa kiganjani. Baada ya tarawehe mwenyekiti akasimama akatangaza kwamba saa imekosea, kwamba kila aliyefuturu kwa adhana yetu atailipa siku ile baada ya Ramadhani, na kwamba tuwe na subira. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Ugonjwa wa Mfaume huo umerudi." Watu wakacheka kidogo, wengine wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa safu ya pili. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

Saa ikafunikwa khanga, kesho yake ikaletwa kwangu tena. Safari hii sikuwasha kompyuta. Niliiweka saa yenyewe mezani, nikaweka kando yake redio ya betri. Msitumie redio ya mtandaoni kwenye simu kwa kazi hii, huchelewa sekunde nyingi njiani. Niliitengeneza saa iende sawa na milio, nikangoja siku nzima. Kesho yake milio ilipolia saa ilikuwa mbele kwa sekunde sita. Nikaandika daftarini, 6. Siku ya pili nikaandika 12. Siku ya tatu, 18. Siku ya nne nilipoandika 24, mkono ukasimama wenyewe.

Nilikaa nikizitazama zile namba. Kisha nikaugeuza ubao wa mninga, nikapitisha kiganja kwenye vanishi yangu nzuri. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimepiga msasa kazi ya mwezi mzima ya mtu aliyesimama mbele ya saa hii na redio yake, akaandika kwa penseli kila siku, kama mimi.

Ndani ya saa za namna hii kuna kristali, kipande kidogo kuliko punje ya mchele ndani ya kopo la bati. Umeme hukitetemesha, na saa huhesabu ile mitetemo. Kristali nyingine hutoka kiwandani zikiwa na haraka kidogo. Hii ilikuwa na haraka ya sekunde sita kwa siku. Fundi Mfaume hakuwa na nyingine, na wakati ule usingeipata kwa urahisi. Basi aliipima, akajua haraka yake, akaandika maagizo ya kuifanya saa ingoje sekunde sita kila siku, ili wakati uikute. Zile Ijumaa alikuwa anahakikisha kwamba kristali haijabadili tabia.

Kiigizi changu hakikuwa na kristali. Kilikopa wakati wa kompyuta yangu, ambao umenyooka. Kwa hiyo saa iliyokuwa inangoja haraka isiyokuwepo ikaonekana inachelewa, na mimi nikaamini picha ya mashine kuliko mashine. Kiigizi huigiza maagizo tu, vijana. Joto, kutu, kristali iliyopotoka na ile mbao ya nyuma hakivijui. Kikisema jambo, nendeni mkaiulize mashine yenyewe, na muiulize kwa siku nyingi, kabla hamjamwuliza mtu mwingine kitu chochote.

Nilichukua nakala ya maagizo ya zamani, ile niliyohifadhi, nikachoma chipu upya bila kubadili hata herufi. Nikaiacha wiki nzima mezani. Haikutoka hata sekunde moja. Nikairudisha msikitini siku chache baada ya nusu ya mwezi, na mwenyekiti akanishika mkono mbele ya watu.

"Fundi Athumani," akasema, "ule ugonjwa umeuponya?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Maalim Jongo alikuwa ananiangalia kwa yale macho yake, na nadhani alikuwa ananishuku, na alikuwa na haki.

"Inakwenda vizuri sasa," nikasema.

Nikarudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyeiba.

Miaka yote tangu Bi Nuru ahamie, Ramadhani ilikuwa na sahani inayopita juu ya ukuta wetu. Siku hii anatuma tambi, siku ile sisi tunatuma maharage ya nazi, sahani hairudi tupu. Mwaka huu mke wangu alipeleka sahani siku ya tatu. Ilirudi imeoshwa, imekaushwa, haina kitu. Hakupeleka tena. Wala hakuniuliza kwa nini. Alinitazama tu kama mimi ninavyoitazama chipu inayong'aa.

Baada ya Idi, watu wakaanza kuilipa ile siku. Asubuhi moja ya Jumatatu nilimsikia Bi Nuru akimwambia muuza maziwa kwamba hanunui, amefunga, analipa siku ya saa. Mama mwenye umri ule, magoti yote mawili yanamsumbua, amefunga kwa sababu yangu, na bado anaamini, au anajua wengine wanaamini, kwamba analipa kosa la mume wake. Sikuweza kukaa. Mimi, nisiyetoka nje, nikavaa kanzu nikazunguka ukuta.

Alikuwa ameketi kibarazani, na ndani walikuwepo wanawake wawili wa mtaani wamekuja kumjulia hali. Nikachuchumaa karibu naye ili wasisikie. Nikamweleza yote. Nikamweleza kristali, nikamweleza sekunde sita, zile namba za penseli na msasa wangu. Nikamwambia mume wake hakuitia saa ugonjwa, aliiponya tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyeitia ugonjwa. Nikamwambia namwomba radhi, yeye na marehemu. Nadhani nilisema vizuri, maana nilikuwa nimejizoeza chumbani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliutazama mlango walipokuwa wale wanawake, akanitazama nilivyochuchumaa, akatazama na mikono yangu, kama alivyokuwa akifanya marehemu. Kisha akasema:

"Ulimtia aibu kwa kipaza sauti, Athumani, halafu unakuja kunitaka radhi kwa kunong'ona."